Mchota Udongo wa Vichuguu

Kwa miaka zaidi ya ishirini jirani yangu aliusalimia mlango wangu kabla ya kunisalimia mimi. Alikuja asubuhi, akasimama kizingitini, akagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole mara tatu, chini, katikati na juu, kisha akaweka sikio. Ndipo alipogeuka. "Bonjour, mama. Mulango iko muzima." Wageni waliodhani anabisha hodi waliitikia "karibu", naye hakuwajibu kwa sababu alikuwa bado anasikiliza. Mwanzoni jambo hili liliniudhi. Baadaye nikalizoea, na siku alipopitiwa akaingia bila kugonga nilishinda na wasiwasi hadi jioni.

Hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, walimwita jeologi, yaani mtaalamu wa miamba. Hakuwa jeologi, na alilisema hilo kila alipopata nafasi, kwa sauti ya mtu anayekana mashtaka. Kazi yake katika kampuni ya zamani ya madini ilikuwa kuchota udongo wa vichuguu. Majeologi walichora mstari kwenye ramani, yeye akautembea mstari huo kwa miguu, na koleo, mifuko ya kitambaa na penseli, kuanzia pande za Nzilo mpaka karibu na Tenke. Kila alipokuta kichuguu alikichota kiganja kimoja, akafunga mfuko, akaandika. Sababu ni nyepesi, na alinieleza mara nyingi kuliko nilivyoomba. Mchwa hushuka chini sana kutafuta maji na udongo mbichi wa kujengea, chini kuliko visima vyetu, halafu huupandisha mdomoni punje moja moja. Ukitaka kujua kilichoko chini bila kuchimba, angalia walichopandisha.

"Mi sikukuwa na kazi ya akili," alisema. "Muchwa njo walichimbaka," yaani mchwa ndio waliochimba. "Mi niliandikaka tu."

Katika huko kuandika ndiko kulikokuwa na kiburi chake chote. Alikuwa na sahani ya bati yenye maua, iliyobanduka ukingoni. Alitia udongo ndani, akaongeza maji, akazungusha, akamwaga yale ya juu, akarudia hadi zibaki punje nzito chini. Punje za kijani zilimaanisha shaba, na mara nyingi penye shaba hapakosi vitu vingine, kama kobalti, ambavyo siku hizi watu wanavitaka zaidi. Zisipokuwepo aliandika "hapana kitu". Alinionyesha kurasa nzima za hapana kitu, hapana kitu, hapana kitu, moja chini ya nyingine, akizipapasa kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Wenzake wengine, alisema, waliandika kijani pasipo na kijani ili mkubwa wao afurahi. Yeye alitembea siku tatu juani akarudi na hapana kitu, na mkubwa akinuna alinunia hewa.

Ukweli wake haukuwa na adabu. Kwenye msiba wa mwenzake mmoja wa kazi alilisogelea jeneza, sote tukadhani anaenda kuaga. Akaligonga mara tatu, akasikiliza, akamwambia mjane, "Hii mbao haitamaliza mvua mbili." Mjane alilia upya. Nilimvuta shati nikamwambia atoke nje, naye akatoka akishangaa, kwa sababu aliona amempa yule mama habari muhimu.

Mchwa aliwagawa kwa namna yake, wala hakujali wanaitwaje vitabuni. Wa kwanza aliwaita ba-maçon, yaani waashi. Hao ndio wenye vile vilima vikubwa ambavyo huku kwetu barabara huvizunguka, na ambavyo watu huvikata wakafyatua matofali. Jikoni kwangu ni kichuguu kilichochomwa, nami sioni aibu. Waashi hawali mti waliouleta. Wanautafuna, wanaupanga ndani kwa vyumba vyumba, wanaotesha uyoga juu yake, wanakula uyoga, na mvua zikianza uyoga mwingine hutokeza nje, mkubwa kama mwavuli, tukaula sisi. Chumba cha mfalme na malkia kiko katikati, cha udongo mgumu sana, na milango yake ni midogo kiasi kwamba malkia akishanenepa hatoki tena maisha yake yote. Jirani yangu alisema ile ndiyo ndoa pekee aliyowahi kuchunguza ambayo hakuna aliyerudi kwao.

Wa pili walikuwa wala udongo. Hawa mti hawautaki, jani hawalitaki. Wanakula udongo wenyewe, na kwa udongo huohuo wanajenga vijumba vyeusi huko mbugani, vimefika magotini, kila kimoja na kofia ya kuzuia mvua. Ni vigumu kama jiwe. Utotoni kwangu tuliving'oa tukavifanya mafiga, na nilipomwambia hivyo aliniuliza kama tulihakikisha kwanza kwamba wenyewe wameshahama. Nilimwambia hatukuhakikisha.

Wa tatu walikuwa wakata majani, wenye ghala. Wanakusanya nyasi kavu, wanazikata vipande, wanaziweka akiba ndani ya kichuguu. Askari wao hawaumi. Wana pua iliyochongoka, na adui akija wanamrushia gundi. Jirani yangu aliwapenda hao kwa sababu, alisema, wanalinda mali bila kumwaga damu.

Wa nne ndio ba-locataire, wapangaji. Hawana kichuguu, hawana udongo, hawana hata haja na maji. Wanaishi ndani ya mbao moja kavu, humohumo wanakula, wanazaana na kufa, na alama yao pekee ni unga wa punje ndogo ngumu sakafuni, unaofanana na mbegu za mchicha. Walimwingia padri. Kiti chake cha kanisani, kile kikubwa cha kuegemea, kilianza kumwaga unga wakati wa mahubiri. Katekista alifanya kile ambacho kila mtu wa Kolwezi angefanya. Alichukua makopo manne ya sardini, akayajaza mafuta machafu ya gari, akasimamisha kila mguu wa kiti ndani ya kopo, ili mchwa wasipande. Misa tatu tulisali na harufu ya gereji. Mwishowe wakamwita jirani yangu. Akagonga, akasikiliza.

"Hawa habapande," alisema. "Beye balizaliwa mule mu kiti."

"Basi tufanye nini, tata?" padri akauliza, akimwita baba kama sisi sote.

"Kukaa polepole."

Wa tano ndio nitakaorudi kwao, kwa hiyo ushike hapa. Aliwaita ba-bâche, kwa sababu popote wanapokwenda hujifunika kwa udongo, kama lori lililofunikwa turubai. Ukiona utepe wa udongo mwekundu unapanda ukutani au unazunguka nguzo ya ua, ni wao wanapita chini yake. Nao wana mashamba ya uyoga kama waashi, nao hupandisha udongo kutoka chini kabisa, ila hawajengi kilima. Mji wao wote uko ardhini, labda chini ya kitanda chako, na juu huoni kitu. "Bale njo ba kuogopa," alisema. "Muashi anakuonyesha nyumba yake. Huyu hapana."

Usidhani lakini alikuwa mtu wa kuwaonea mchwa huruma. Mvua ya kwanza ikinyesha, alasiri yake kumbikumbi wakianza kutoka, hao ambao sisi tunawaita nswa, alikuwa wa kwanza kichuguuni na ndoo yake. Aliwakaanga bila mafuta, akawatia chumvi, akala bakuli zima huku akikueleza kwamba kila mmoja wao alikuwa mfalme au malkia mtarajiwa. Nilimuuliza anawezaje kuwala watu wake. Akasema hata kuku anawapenda. Na yeye aliyekagua milango ya mtaa mzima nyumbani kwake hakuwa na ubao hata mmoja. Kitanda chuma, viti chuma, meza mlango wa gari uliolazwa juu ya mapipa. Hakuwaamini hata kidogo.

Sasa nieleze habari ya mstaafu wa reli, maana bila hiyo humjui jirani yangu.

Mstaafu huyu alikaa mtaa wa pili, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu cha waashi kinachofika dirishani. Siku moja alikuja kwa jirani yangu na kopo la udongo wa kichuguu hicho. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta maji. Mke wa mstaafu alikuwepo, na wageni wawili ambao hakuna aliyewajua vizuri. Jirani yangu akaleta sahani, akaosha, akazungusha, akamwaga, akatazama. "Kuna kijani," akasema. Mstaafu akamshukuru. Msimu haukwisha, kichuguu kikawa shimo. Wachimbaji walikuja kutoka kila pembe ya nchi, vijana wenye nguvu na njaa, na shimo likala ua, likala jiko, likaingia sebuleni, halafu likahamia kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa sababu mwamba haujui mpaka wa kiwanja. Ukuta wa mstaafu ndio ulioanguka kwanza. Hakuna aliyekufa ndani ya nyumba ile, nalisema mapema kwa kuwa msomaji wa Kolwezi ameshashika pumzi. Familia ilipanda lori na vitanda vyao kwenda Tenke. Mtaa ule leo huwezi kuupita hata kwa pikipiki.

Nilimuuliza kama angerudia. Nilikuwa na hasira, nami nikiwa na hasira huuliza vibaya.

"Aliniuliza," akajibu, naye udongo aliuita bulongo. "Bulongo ilikuwa na kijani. Ulitaka niseme nini?"

Lakini tangu hapo watu wakija na makopo getini aliwaambia ameacha kazi, na ile sahani ya maua akaanza kulia maharage.

Sasa madaftari. Yalikuwa matano, ya jalada gumu jeusi, yenye yote aliyoyaona maisha yake yote: kila kichuguu, kiko wapi, cha mchwa wa aina gani, udongo rangi gani, wamejenga mlango upande gani, wamehama lini, na mwishoni kijani au hapana kitu. Ukungu ulipoanza kumwingia machoni aliniletea, kwa sababu mimi ni sekretari wa shule na nina kompyuta.

"Mama secrétaire, utaniandikia hii mu machine. Mi sina haraka. Lakini usiweke chini. Usiweke fasi maji inanyesha. Na usigusishe ku ukuta, acha nafasi ya mukono moja."

Mimi ni mtu wa kusikiliza mambo mawili katika matatu. Nilichapa kurasa nne. Halafu ikaja mitihani, halafu matokeo, halafu uvivu, sina jina jingine la kuupa. Madaftari niliyatia kwenye katoni, nikaiweka stoo juu ya paleti ya mbao, hizi zinazotupwa na migodi ambazo nusu ya mji tumezifanya vitanda. Nilimwaga mafuta machafu ya gari sakafuni kuizunguka, nikajisifu. Nilikuwa nimewacheka wale wa kiti cha padri. Kisha siku moja gunia la unga wa mahindi likakosa nafasi, nikaisukuma paleti kwa goti hadi ikagota ukutani.

Nilifungua katoni mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeisha. Jalada la juu lilikuwa zima, na kwa dakika moja nilifurahi. Nikalinyanyua. Chini yake hapakuwa na karatasi. Palikuwa na udongo mwekundu uliokaa mahali pa karatasi, umepangwa, una pembe nne, una unene uleule wa daftari. Nikanyanyua la pili, la tatu. Matano yote. Utepe wa udongo ulishuka nyuma ya paleti na kuingia kwenye ufa wa ukuta. Hawakuwa wamegusa hata tone moja la mafuta yangu.

Niliifunga katoni nikairudisha palepale. Na sikumwambia. Miaka miwili sikumwambia.

Yeye hakuuliza. Ningeomba aulize. Alikuja asubuhi, akagonga mlango, akasema mlango ni mzima, akaondoka, na nyuma yangu kwenye stoo maisha yake yote yalikuwa udongo. Niliona aibu mpaka nikaanza kumchukia kidogo. Nilijificha jikoni nisikie tu akigonga. Mara mbili nilipanga kumwambia yameibwa. Ningeweza. Hapa kwetu vitu huibwa, wala hakuna ambaye angeshangaa.

Mwaka huu, kabla ya mvua, binti yake alisema anakuja kumchukua ahamie Lubumbashi, maana macho yalikuwa yameisha na hakuweza tena kukaa peke yake. Asubuhi ya siku hiyo alikuja kwangu akipapasa ukuta. Akaingia bila kugonga. Nilijua.

"Mama. Leo naenda. Nilikuja kutafuta madaftari."

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, ule wa wezi, umepigwa pasi. Nikamtazama amesimama na mikono miwili mbele, tayari kupokea kitu kizito.

"Tata, hayako tena," nikasema. "Muchwa balikula. Zote tano. Ni makosa yangu. Miaka mbili sasa, niliogopa kukuambia."

Nilisikia pikipiki tatu zikipita barabarani, nikazihesabu. Nilitaka anitukane.

"Bana gani?" akauliza.

"Nini, tata?"

"Muchwa gani balikula?"

Nilimshika mkono nikampeleka stoo. Akachuchumaa mbele ya katoni, akaingiza vidole, akafuata utepe wa udongo hadi ukutani bila mtu kumwonyesha.

"Ba-bâche," akasema. "Ulisukuma ku ukuta."

"Nilisukuma."

"Nilikuambia."

"Uliniambia, tata."

Akarudisha mkono ndani ya lile daftari la kwanza, akachota kiganja, akakaa nacho. Mimi nililia, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Alinusa ule udongo, akausaga kati ya vidole, akauweka kidogo ulimini. Uso wake ulibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Hii bulongo inatoka chini sana," akasema. "Leta sahani."

Nilikwenda kwake nikaileta ile ya maua, nikaisugua itoke mafuta ya maharage. Aliosha mwenyewe, mikono ilikuwa bado inajua. Alizungusha, akamwaga, akaongeza maji, akamwaga tena. Kisha akaelekeza sahani kwenye mwanga wa mlango, akainamisha kichwa, akaacha.

"Mi sione. Angalia we. Unaona nini?"

Nilitazama. Chini ya sahani, katikati ya maua yaliyofifia, kulikuwa na punje. Nyumba hii niliijenga upande wa jikoni kwa matofali niliyoyabeba kichwani. Watoto wangu walizaliwa ndani yake. Nilikumbuka vitanda vya mstaafu wa reli juu ya lori. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya miaka miwili, na sikuwa na nguvu ya kuongeza hata siku moja.

"Kijani, tata."

"Mingi?"

"Si mingi. Lakini iko."

Kisha akaomba daftari jipya. Nilileta daftari la shule, lile la kurasa chache, na kalamu. Akaketi kwenye gunia la unga, akanyoosha mgongo, akaanza kusema polepole kama anavyosoma katekista, nami nikiandika.

"Dilala. Nyumba ya mama secrétaire. Mu depot, mu katoni. Muchwa ni ba-bâche. Balipita ku ukuta. Balikula madaftari tano. Bulongo nyekundu, ya chini sana."

Akasimama hapo. Nilisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Andika: hapana kitu."

"Tata, nimekuambia nimeona…"

"Mama. Mi njo nachota. We unaandika tu."

Nikaandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea, na nilipofika mwisho aliniambia nirudie neno la mwisho. Nikarudia. Akaimwaga sahani kwenye tundu la maji machafu, akamimina ndoo nzima juu yake, akanyoosha mkono nimpe daftari. Binti yake alikuwa amefika, gari lilikuwa linaunguruma nje. Nilimwambia nitachapa upya zile kurasa nne nilizonazo, nimtumie. Akasema hana haraka.

Mlangoni akanipa sahani nimshikie. Akautafuta mwimo kwa kiganja, akagonga mara tatu, chini, katikati na juu, akaweka sikio muda mrefu.

"Mulango iko muzima," akasema, na kwa mara ya kwanza sikujua kama nimwamini.